Sur, walikotoka majahazi ya kaskazi

Leo hatimaye nimefika Sur. Kutoka Muscat ni mwendo wa kilomita zipatazo 200, na tangu nihamie Oman nilikuwa nikiitamani safari hii. Nimekulia Unguja nikisikia wazee wakiwataja Wasuri, mabaharia waliokuja na upepo wa kaskazi wamepakia tende na samaki wa chumvi, wakarudi na upepo wa kusi wamejaza boriti za mikoko.

Karakana ya kuunda majahazi iko ukingoni mwa hori. Jahazi moja lilikuwa limepandishwa juu ya magogo, harufu ya mbao za msaji imejaa kote. Mafundi wa hapa hulaza mkuku, yaani uti wa chini wa chombo, hupandisha mbao za ubavuni, kisha ndipo huingiza mataruma, mbavu za ndani. Hawachori kitu kwenye karatasi. Vipimo vyote viko kichwani na jichoni mwa fundi. Nilifuata ubao mmoja kutoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma, nikastaajabu namna ulivyopindwa bila kuvunjika. Mwaka 1980 kilijengwa hapa Sur chombo kilichoitwa Sohar, mbao zake zimeshonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, kikasafiri hadi China. Ndivyo ulivyoshonwa mtepe, chombo cha kale cha Lamu, na inaniuma kwamba sisi tuliuacha ukatoweka.

Wao wamejitahidi. Karibu na maji limewekwa jahazi la Fatah al-Khair, lililojengwa hapa mwaka 1951. Lilikwisha kuuzwa Yemen, likarudishwa nyumbani mwaka 1993. Nimewapenda sana watu wa Sur kwa hilo.

Lakini siwezi kuyasifu majahazi haya nikawanyamazia waliopakiwa humo kwa nguvu. Karne ya 19 vyombo vya Sur vilibeba watumwa kutoka mwambao wetu. Baadhi ya manahodha walipandisha bendera ya Ufaransa ili manowari za Uingereza zisiwapekue, na mzozo wa bendera hizo ukafika mahakama ya usuluhishi ya The Hague mwaka 1905. Ufundi ule ninaoustahi ndio uliowachukua watu wale. Nilipoweka mkono kwenye ubao nilifikiria ngama, tumbo la chombo, giza lake na joto lake, na waliokuwa humo hawajui wanapelekwa wapi. Sitaki kusahau upande wowote kati ya hizi mbili.

Mzee mmoja aliyekaa kivulini na kahawa yake alinisikia nikizungumza na mwanangu. "Hamjambo wanangu, nyie wa Unguja wapi?" Kiswahili safi kabisa! Tukamwamkia, akatusogezea tende. Akauliza kama kule bandarini Malindi, Unguja, bado majahazi yanafunga gati. Nikamwambia yapo, ila mengi sasa yana mashine. Akataka kujua nani anayaunda. Nikamtajia mafundi wa Nungwi. Hapo akaacha kikombe, akaanza kuniuliza wanatumia mbao gani, wanakalafati, yaani wanaziba nyufa, kwa pamba au kwa kitu kingine, na vijana wangapi wanajifunza kushika tezo, shoka la kuchongea mbao.