Mlio wa Kinu

Nilipokuwa mwaka wa pili wa shahada ya famasia katika chuo kikuu cha umma, mtihani ulioninyima usingizi haukuwa ule wa kemia, ingawa kemia ndiyo iliyowarudisha wenzetu wengi nyuma mwaka. Ulikuwa mtihani wa vitendo wa utengenezaji wa dawa, ambamo mwanafunzi hupewa kadi yenye maelekezo ya daktari, akaachwa peke yake na kinu, mchi, silinda ya kupimia na chupa tupu, na baada ya saa 2 akatakiwa kukabidhi dawa iliyokamilika, yenye lebo, pamoja na karatasi ya kumbukumbu inayoeleza kila hatua aliyoipitia na kila alichokiona.

Darasa letu lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 100, na mizani zilizokuwa zikiaminika zilikuwa 4 tu. Katika vipindi vya kawaida tulifanya kazi kwa makundi ya watu 5 kwa kinu kimoja, na ukweli wa mambo ni kwamba katika kila kundi walikuwapo wawili waliosaga, mmoja aliyeandika na wawili waliotazama. Mimi nilikuwa mwandishi. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri, nami niliufurahia wadhifa huo bila kufikiri kwamba siku moja nitashika mchi bila mtu wa kunisaidia.

Dawa iliyokuwa gumzo la muhula ule ilikuwa emalsheni, yaani mafuta yaliyovunjwavunjwa kuwa matone madogo mno na kusambazwa ndani ya maji, kwa namna ambayo maziwa hubeba mafuta yake bila kuyatenga papo hapo. Mafuta na maji havipatani vyenyewe, hivyo panahitajika kitu cha tatu cha kulivika kila tone utando, na sisi tulitumia unga wa gundi ya akasia, gundi itokayo kwenye miti ya jamii ya migunga. Njia tuliyofundishwa ilikuwa ya gundi kavu: unaweka mafuta na unga wa gundi katika kinu cha kauri kisicho na hata tone la maji, unachanganya kidogo, kisha unamimina maji yote ya hatua ya kwanza kwa mkupuo mmoja na kusaga haraka, kwa nguvu, kuelekea upande mmoja bila kusita. Ukimimina maji kidogo kidogo, mchanganyiko waweza kugeuka, maji yakawa ndiyo matone na mafuta yakawa ndiyo yanayoyazunguka. Ukifanya sawasawa, baada ya dakika chache mchanganyiko huwa mweupe na mzito, na mchi huanza kutoa mlio wa kutatarika kila unapozunguka. Mwalimu wetu, mama wa makamo aliyezungumza polepole kana kwamba naye anapima maneno kwa mizani, alituambia tuyaamini masikio kabla ya macho. Kinu kikilia, emalsheni ya msingi imeshika, na hapo ndipo maji yaliyobaki huongezwa taratibu.

Kilichobaki ni uwiano, na hapo ndipo nilipoangukia. Kwa mafuta ya mimea na ya samaki, uwiano wa mafuta, maji na gundi ni 4:2:1. Kwa mafuta yanayofuka upesi, kama ya mnanaa, ni 2:2:1. Kwa parafini ya dawa ni 3:2:1, kwa sababu ni kaidi zaidi na hudai gundi nyingi kuliko mafuta ya mimea. (Parafini hii, niseme mapema, si mafuta ya taa, ni mafuta mazito, meupe kama maji, yasiyo na harufu, yanayolainisha choo kwa mgonjwa aliyefunga tumbo.) Nilikuwa nimeziandika namba hizo daftarini mara nyingi, kwa wino wa rangi tatu, na huenda wino ndio uliozikariri badala yangu.

Kadi niliyopewa ilitaka mililita 100 za emalsheni yenye mililita 30 za parafini. Nilisimama kwenye foleni ya mizani nikiwa nimekwisha kupiga hesabu kichwani: mafuta 30, maji 15, gundi gramu 7.5. Hesabu ilikuwa safi isiyo na kosa, ila ilikuwa hesabu ya mafuta ya samaki. Nilipaswa kupima gundi gramu 10 na maji mililita 20. Nilipima kwa uangalifu mkubwa kiasi kisicho sahihi, nikarudi mezani na kuanza kusaga.

Kinu hakikulia. Nilisaga mpaka kiganja kikawaka, na kilichokuwa mbele yangu kilibaki chepesi na chenye kung'aa kwa mafuta, huku meza ya jirani ikitatarika kwa sauti ambayo naweza kuisikia hata leo. Nilipokuwa naifuta mikono ndipo uwiano wa kweli uliponijia, wote kwa pamoja, kama jina la mtu unalolikumbuka baada ya kuagana naye. Zilikuwa zimebaki dakika 35. Foleni ya mizani ilikuwa na watu 6, na gundi mpya ilipaswa kuombwa kwa msimamizi kwa maandishi, akaeleza mtu kosa lake na kukatwa alama chache. Zilikuwa alama chache kweli, na mtu mwenye akili timamu angeziacha ziende.

Mimi niliongeza maji yaliyobaki, nikamimina yote kwenye chupa, nikafunga kifuniko na kutikisa. Nilitikisa kwa muda mrefu, na kwa kweli dawa ikawa nyeupe. Nikabandika lebo kwa mwandiko ule ule mzuri: kipimo, tarehe, "Tikisa chupa kabla ya kutumia", na onyo la kutoinywa muda mfupi kabla ya kulala, kwa kuwa mafuta haya yakipotea njia na kuingia mapafuni huleta madhara makubwa. Kisha, katika sehemu ya karatasi inayouliza hali ya emalsheni ya msingi, nikaandika: "Nyeupe, nzito, imetoa mlio."

Sikujua kwamba chupa hazikuwa zikisahihishwa siku hiyo. Zilipangwa kwenye rafu na kuachwa mpaka kesho yake asubuhi, nasi tukaitwa mmoja mmoja. Baadhi ya chupa za wenzangu zilikuwa na tabaka zito la krimu juu, jambo ambalo si la kutisha, kwa kuwa matone bado yamevaa utando wake na ukitikisa hurudi yalipokuwa. Yangu ilikuwa imekatika kabisa. Mafuta maangavu yalikaa juu, maji yenye ukungu chini, na mpaka kati yao ulikuwa umenyooka kama uliopigwa kwa rula.

Mwalimu hakuniuliza kuhusu uwiano. Alinipa chupa akaniambia, "Itikise, mwanangu, kama lebo yako inavyosema." Nikaitikisa. Akaiweka mezani, tukaitazama wote wawili, na kabla hajamaliza kusafisha miwani yake mafuta yalikuwa yameanza kupanda.

"Mgonjwa akinywa kijiko cha kwanza, anapata nini?"

"Mafuta matupu, Mwalimu."

"Na kijiko cha mwisho?"

"Maji."

Hapo akavuta karatasi yangu ya kumbukumbu na kuisoma kwa sauti ile ya polepole, mstari kwa mstari, mpaka akafika kwenye mlio. Akanyamaza kidogo. Nilitarajia aniulize kwa nini, na nilikuwa nimeandaa jibu refu kuhusu foleni ya mizani na uchache wa vifaa, jibu ambalo kwa sehemu kubwa lilikuwa la kweli. Aliuliza jambo jingine: "Ulijua saa ngapi?"

Nikamwambia nilijua kabla ya kuchukua lebo.

Hakuongeza neno juu ya hilo. Alinipa lebo tupu na kuniagiza niandike maelezo ya kweli ya chupa ile. Nilikaa na kalamu kwa muda ambao haukuwa mfupi, kwa sababu kila sentensi ya kawaida ya lebo, kipimo, muda na namna ya kutumia, ilikuwa haina pa kukaa. Mwishowe niliandika neno moja, "Isitumike", na chini yake tarehe. Aliibandika mwenyewe juu ya ile ya kwanza, akairudisha chupa rafuni.

Nilirudia mtihani baada ya majuma 3, nikiwa na wengine 8. Kadi yangu safari hiyo ilikuwa ya mafuta ya samaki, uwiano niliokuwa nimeutumia mahali pasipo pake, na kinu kililia mapema kuliko nilivyotazamia, hata nikasimamisha mchi nikidhani ni cha jirani. Nilipoinua kichwa niliiona rafu. Chupa yangu ilikuwa bado ipo pale, mafuta juu, maji chini, na mwandiko wangu mzuri katikati.