Buti za ekseli za Beetle ya mzee

Jana mwanangu karudi toka gereji anakojifunzia ufundi, shati lote linanuka oili ya gia, ile harufu kali ya kiberiti, nikamwambia usilifue kwanza. Akanishangaa. Harufu ile ilinirudisha kwenye gari la baba.

Ile Volkswagen Beetle ya mzee, ya 1966, wengi mnaikumbuka, ilikuwa inalala chini ya mwembe kule nyumbani Tanga na kila ikiondoka inaacha doa jeusi upande wa nyuma kushoto. Buti, ule mfuko wa mpira unaoziba oili kwenye ekseli, lilichanika. Kwenye Beetle za enzi zile ekseli ya nyuma inabembea juu chini pale inapoingia kwenye giaboksi, na hapo ndo pana lile buti la mpira, ndani yake hamna grisi, ni oili ya giaboksi yenyewe, likipasuka inatoka taratibu na usipoangalia gia zinasagika. Fundi mmoja akasema lazima ekseli nzima ishushwe, akataja hela ambayo mzee hakuijibu. Shangazi akasema liuzwe. Mzee akamkumbusha kwamba Tommy Fjastad alishinda Safari Rally 1962 na Beetle, kwa hiyo hauzi. Kesho yake akaja na buti mbili mpya, zile zilizokatwa ubavuni zinazofungwa na vibolti vidogo, unalivisha tu juu ya ekseli bila kuishusha.

Kaka zangu wakapewa jeki na magogo. Kumwaga oili mzee alianza na tundu la kujazia, maana ukishamwaga halafu la kujazia likagoma kufunguka umekwama. Plagi zile, yaani vizibo vya matundu hayo, zinataka alenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 17 na hatukuwa nayo, basi akachukua bolti yenye kichwa cha 17, akakizamisha kichwa ndani ya plagi, akafunga nati mbili zikabanana, akazungusha kwa spana. Ikafunguka! Buti kuukuu likakatwa kwa kisu, ekseli ikasuguliwa, jipya likavishwa, mshono akauelekeza nyuma usitazame chini, klempu zote, zile pete za kulibana buti, akaziacha legelege.

"Haya, shusheni gari."

Kaka akasema si tumalizie kabisa? Mzee akasema hapana, gari likiwa juu magurudumu ya nyuma yananing'inia yamejikunja kwa ndani, ukikaza hivyo, likishuka buti linajinyonga na litachanika tena. Likashushwa, likasukumwa mbele na nyuma likae sawa, mawe kwenye matairi. Sasa Beetle ikiwa chini mtu mwenye mwili haingii. Kaka alijaribu akaishia mabegani. Mzee akanigeukia.

"Mama, njoo."

Nikaingia chali juu ya gunia, giaboksi iko karibu na pua, matone ya oili yananidondokea shingoni. Mzee alilala upande wa pili, shavu kwenye mchanga kabisa, kashika tochi, namuona jicho moja tu. Nikazungusha bisibisi. "Robo. Tena robo. Angalia mpira, ukianza kuvimba pembeni ya klempu simama hapo hapo, usiukamue." Nikasimama. "Sasa mshono. Shika nati kwa kidole." Vidole vyangu vilikuwa vinapita pale ambapo spana haipiti, nikakishika kinati, yeye akapenyeza bisibisi kwa upande wake, nikahisi bolti inazunguka taratibu mpaka ikakaa. Shangazi yuko mlangoni anasema mtoto wa kike huyo jamani, mvungu wa gari huo! Mzee hakugeuka, akasogeza tochi tu kwenye bolti inayofuata.

Upande wa kulia tukafanya vile vile. Tukajaza oili namba 90, lita mbili na nusu, kwa chupa na mpira, polepole mpaka ikaanza kuchuruzika tunduni. Asubuhi mchanga ulikuwa mkavu.

Toka siku ile ufunguo wa sanduku la spana nilikuwa naachiwa mimi, na kwa kweli maisha yangu yote ya kazi yalianzia pale. Ila bado najiuliza, lile gari lingekuwa limeinuka juu kama Land Rover, kaka akapita vizuri, mzee angeniita? Kaka anasema angeniita tu. Mimi sina hakika, na niliyepaswa kumuuliza tulishamzika.