Ile sita kwenye bamba la chungwa

Mwaka 2014 nilikuwa natunza ghala la kemikali kando ya barabara itokayo Malaba kwenda Tororo, mashariki mwa Uganda. Ghala lenyewe lilikuwa dogo, la mabati, lenye uzio wa waya na geti moja. Tuliuza tina ya kuzimulia rangi, gundi na spiriti ya kung'arishia mbao, na wateja wetu walikuwa maseremala na wapaka rangi wa magari, kuanzia Mbale mpaka Iganga. Walinunua kwa jerikeni za lita 20. Nilikuwa nimesoma kemia chuoni, na kwa kuwa pale hapakuwa na mwingine aliyeisoma, kuamua kila mzigo ukae wapi na uandikwe nini kulikuwa juu yangu.

Wakati ule kila aliyeshika vitu vinavyowaka alikuwa bado na Namungoona kichwani. Usiku wa tarehe 29 Juni 2013 lori la petroli lilipata ajali kwenye Northern Bypass, eneo la Namungoona, Kampala. Watu walikimbilia kuteka yaliyomwagika, wengi wao vijana wa bodaboda, na moto ukawakuta hapo hapo. Walikufa zaidi ya 30. Basi bosi wetu aliogopa moto, na alikuwa na kila sababu ya kuuogopa. Alinunua mitungi ya kuzimia, akapiga marufuku sigara na simu ndani ya uzio, akachapisha stika zenye alama ya mwali na neno HATARI. Agizo lake lilikuwa moja: kinachowaka, kibandike.

Halafu likaja tangi.

Lilikuwa tangi la chuma lililofungwa ndani ya fremu ya kontena, la lita zipatazo elfu ishirini na kitu, juu ya trela iliyotoka bandarini Mombasa. Hati tuliyotumiwa kutoka Kampala ilisema tu "spiriti ya viwandani". Mzee wa geti ndiye aliyelisimamisha. Alikuwa Mnubi wa Bombo, aliyeendesha malori ya mafuta kati ya Mombasa na Kigali kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na macho yalipoanza kumsumbua akaja kukaa nasi. Nilimkuta amesimama nyuma ya trela, mikono mgongoni, anatazama bamba la rangi ya chungwa lililokuja na tangi kutoka ng'ambo.

"Binti yangu, hebu njoo," aliniita. "Petroli naijua. Juu 33, chini 1203. Dizeli ni 30, chini 1202. Hii hapa juu ni 336. Sita imetoka wapi?"

Nikasoma namba ya chini: 1230. Nilihisi moyo ukinidunda. Namba ya chini ni jina la mzigo kwa lugha ya Umoja wa Mataifa, na 1230 ni methanoli. Namba ya juu ndiyo inayosema hatari zake. Tatu ni kimiminika kinachowaka. Ikirudiwa, yaani 33, ni kinachowaka upesi sana. Sita ni sumu.

"Sumu na moto kwa pamoja?" Mzee aliuliza.

"Kwa pamoja, Mzee."

Dereva alikuwa na karatasi za usalama ndani ya mfuko wa plastiki, kurasa kadhaa zenye vile vipengele 16 ambavyo watengenezaji wote huvifuata. Niliomba lori lisubiri, nikakaa kivulini na kalamu. Nilitaka niainishe mwenyewe, hatua kwa hatua, kisha ndiyo nitazame walichoandika wao, maana nilijua nitakuja kubishana na bosi, na huwezi kubishana kwa maneno ya kuazima.

Upande wa moto haukunichukua muda. Unatafuta namba mbili katika kipengele cha 9. Ya kwanza ni joto la chini kabisa ambalo kimiminika kinatoa mvuke wa kutosha kushika moto ukikutana na cheche. Ya methanoli ni karibu nyuzi 11. Ya pili ni kiwango cha kuchemka: nyuzi 65. Kwa mfumo ambao Umoja wa Mataifa uliutoa mwaka 2003, kimiminika chenye mvuke unaoshika moto chini ya nyuzi 23 kinaingia kundi la 1 kama kinaanza kuchemka kwenye nyuzi 35 au chini yake, na kundi la 2 kama kinachemka juu ya hapo. Kwa hiyo ni kundi la 2, sawa na tina yetu. Pale Malaba hata alfajiri yenye baridi haishuki mpaka nyuzi 11. Mvuke wake uko tayari saa zote, usiku na mchana.

Lakini kuna jambo moja la moto huo ambalo namba hazikuonyeshi, na nilitaka wapakuaji walione kabla hawajafungua koki. Nilichota kijiko kimoja kutoka kwenye chupa ya sampuli, nikakimimina kwenye kifuniko cha bati nje kabisa ya uzio, ndoo ya maji pembeni, jua la saa saba likiwa utosini. Mzee akawasha kwa kijiti kirefu. Vijana walisogeza shingo. Hawakuona kitu. Mmoja akasema haijashika. Mzee aling'oa unyasi mkavu, akausogeza taratibu juu ya kile kifuniko kilichoonekana kitupu, na ncha yake ikajikunja, ikawa nyeusi, ikawaka. Hewa juu ya bati ilikuwa inatetemeka kidogo tu, kama juu ya lami wakati wa kiangazi. Methanoli huwaka kwa mwali wa buluu hafifu, na kwenye jua kali mwali huo hauonekani.

"Huu utamla mtu hajauona," Mzee alisema, na hakuna aliyecheka.

Nikarudi kwenye karatasi, upande wa afya, na huko ndiko nilikokaa mpaka chai ikapoa. Sumu ya kumeza hupangwa kwa kipimo kinachoua nusu ya wanyama wa majaribio, kwa kila kilo ya uzito wa mwili: kadiri kipimo kilivyo kidogo ndivyo kundi lilivyo kali, na kundi la 1 ndilo kali kuliko yote. Sasa panya wa maabara hustahimili methanoli kupita miligramu 5,000 kwa kilo. Ukimfuata panya, hii si sumu ya kuandikwa popote. Binadamu amekufa kwa miligramu 300 hadi 1,000 kwa kilo. Sababu ni kwamba ini hugeuza methanoli kuwa fomaldehaidi, kisha asidi ya fomiki. Panya huiondoa asidi hiyo haraka, sisi tunaiondoa polepole, ikajaa mwilini na kushambulia mshipa wa fahamu wa jicho. Mililita 10 zimewahi kutosha kumpofusha mtu. Kwa hiyo waainishaji waliweka panya kando, wakatumia vifo vya watu: kundi la 3 kwa kumeza, kundi la 3 kwa kupitia ngozi, kundi la 3 kwa kuvuta, na juu yake kundi la 1 la kuharibu viungo kwa kuingia mara moja tu. Naheshimu sana uamuzi ule. Aliyeufanya alijua kwamba jedwali lipo kwa ajili ya watu.

Glavu za vijana wetu zilikuwa za kitambaa. Nikaagiza zivuliwe, na kazi ya kupakua ikasimama mpaka zipatikane za mpira mzito.

Nikampigia bosi simu Kampala. Nilimwambia stika ya mwali peke yake haitoshi. Tunahitaji alama tatu, mwali, fuvu na mifupa, na ile ya mtu mwenye nyota kifuani inayoonyesha madhara ndani ya mwili.

"Dada, hata petroli ni sumu ukiinywa," alinijibu. "Lakini nani atainywa?"

"Petroli inanuka petroli, bosi. Hii inanuka pombe. Na sisi tunauza kwenye jerikeni za njano."

Akanyamaza kidogo. Mtu wa Uganda hahitaji kuelezwa jerikeni ya njano. Ndimo mafuta ya kupikia yanamokuja, ndimo maji yanamotekwa, ndimo waragi, ile pombe kali ya kienyeji, inamosafirishwa kutoka kijiji hadi kijiji. Kimiminika cheupe kama maji, chenye harufu ya pombe, ndani ya jerikeni ya njano, kina njia moja tu ya kwenda. Nilimkumbusha Kabale, mwaka 2010, watu wapatao 80 waliokufa katika wiki chache baada ya kunywa waragi iliyochanganywa na methanoli. Akasema atakuja mwenyewe, nisifungue tangi.

Kabla hajafika, alikuja mama wa kilabu. Kilabu chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye foleni ya malori. Aliuza malwa, ile pombe ya kunywa kwa kuzunguka chungu na mirija mirefu, na waragi kwa wenye haraka. Alikuwa mtu mwema. Wapakuaji wetu walikula kwake kwa mkopo. Kijana mmoja alikuwa ameshatamba huko kwamba kumeingia pombe ya viwandani, lori zima.

"Mwanangu, nifanyie jerikeni tatu," aliniambia. "Nitalipa taslimu."

Nilimvutia kiti. Nilimwambia ni sumu. Hakuniamini mara moja, na sikumlaumu, kwa sababu wenye ghala huwa wanasema hivyo wanapotaka kupandisha bei.

"Na nikiichemsha?"

"Mama, inachemka kabla ya maji na kabla ya pombe ya kawaida. Kitakachopanda kutoka kwenye sufuria ni yenyewe, na itakuwakia jikoni moto usiouona."

"Na nikiichanganya na maji?"

"Itapungua ukali mdomoni. Mtu atakunywa nyingi zaidi."

Akafikiri. "Wale wa Kabale tuliwasikia redioni. Walikuwa wanaonja nini?"

"Waragi. Hawakuonja kitu kingine. Jioni analewa kama kawaida, anaenda kulala. Kesho yake, pengine baada ya saa 12, pengine 24, ndipo tumbo linauma, kichwa kinapasuka, na macho yanaona ukungu. Wenzake wanasema ni uchovu wa pombe. Hapo ndipo pa kumkimbiza hospitali, kuna dawa, lakini asingojewe apate nafuu."

Aliniuliza tena saa ngapi macho yanaanza. Nikamrudia. Akaniuliza kama mtu anaweza kuijua kwa ulimi au kwa kuiwasha. Nikamwambia hapana, ulimi haujui, na usiwashe. Mzee, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, akamwonyesha lile fuvu kwenye karatasi ya dereva. Alilitazama kwa muda mrefu, akauliza kwa nini halijachorwa kwenye jerikeni zetu.

Swali hilo hilo nilimpelekea bosi alipofika, nikamwambia limetoka kwa nani. Alikagua tangi, akasoma karatasi zote pale pale juu ya boneti ya gari lake, na ninampa heshima yake: hakutafuta njia ya mkato. Methanoli haitagawanywa kwenye jerikeni kamwe. Itapakuliwa kwenye mapipa ya chuma ya lita 200, yafungwe lakiri, iuzwe kwa viwanda na karakana tunazozijua tu. Fuvu alilikubali bila neno. Alama ya tatu ndiyo iliyotupotezea saa nzima. Yeye aliona fuvu limeshasema yote, na kila rangi ya ziada kwa mchapishaji ni fedha. Mimi nilishikilia kwamba fuvu linamwonya mtu juu ya kufa, na hawa hawafi wote. Wako wanaobaki hai bila macho, na hao nao wana haki ya kuonywa. Mwishowe Mzee ndiye aliyemaliza, kwa kusema yeye anaanza kupoteza macho kwa uzee tu na hataki kumwona kijana anayepotezewa yake kwa sababu ya bei ya stika.

Tulipakua stika zilipofika, waya wa athi umefungwa kwenye tangi na kwenye kila pipa ili cheche ya msuguano isipate nafasi, vijana wakiwa na glavu mpya. Mama wa kilabu alituma mtoto kuomba stika moja. Nikampa mbili, akazibandika ukutani nyuma ya vyungu vya malwa, na wanywaji wakimuuliza anawaeleza, kwa maneno yake mwenyewe, habari ya macho.

Mapipa yalichukua miezi kuisha. Wateja wetu wawili wa jerikeni walichoka kungoja tubadili msimamo, wakahamia kwa muuzaji mwingine aliyekubali kuwapimia kwa lita. Bosi aliniuliza kama ninaelewa hasara aliyoipata. Nilimwambia naielewa, nikamwomba ruhusa ya kuwafuata wale wawili hadi kwenye karakana zao nikawape karatasi za usalama na stika za bure, hata kama hawanunui kwetu tena. Alinipa gari.