Kompyuta ilikuwa hai, kioo ndicho kilichonichezea

Hapa Wete nina kijiduka cha kuchapa barua na kutoa kopi. Asubuhi moja nawasha kompyuta: feni inazunguka, taa inawaka, kioo cheusi tititi. Fundi mmoja akaniambia, "Ubao mama, ile bodi kuu ya ndani, umekufa, kaka, nunua kompyuta nyengine." Pesa ya nyengine sina.

Nikaushuku umeme, maana wetu wa Pemba unapita chini ya bahari kutoka Tanga tangu 2010, na kukatika si ajabu. Lakini feni ingezungukaje? Nikabadilisha waya wa kioo, wapi.

Ndipo nikatega sikio. Ilikuwa inalia pii, pii, pii, bila kukoma. Mlio huo ndio mdomo wa kompyuta isiyoweza kuonesha kitu, na kwenye mashine nyingi mlio wa kurudiarudia huashiria tatizo la RAM, kile kibao chembamba cha kumbukumbu ya muda ya kompyuta.

Nikachomoa umeme, nikabonyeza kitufe cha kuwashia ili chaji iliyobaki iishe, nikafungua ubavu. Vumbi la kutisha! Nikagusa chuma cha kasha kwanza, kwani umemetuli wa mwilini huweza kuunguza RAM. Nikabana vishikizo pembeni, ikachomoka. Meno yake ya dhahabu yamefifia, chumvi ya bahari na unyevu hawana huruma. Nikayasugua polepole kwa mpira wa kufutia wa mwanangu wa skuli, nikapangusa, nikairudisha mpaka vishikizo vikalia "tak" vyote viwili.

Mlio mmoja mfupi, kioo kikawaka. Saa tu ilikuwa imerudi nyuma miaka. Betri ya CR2032, ile ndogo ya duara inayotunza saa ya kompyuta, nayo ikabadilishwa.