Pumu ya ngozi mikononi na bado napanda miamba

Mikono yangu ina pumu ya ngozi, ekzema, ile ya kupoa na kurudi, na mchezo nnaoupenda kuliko yote ni kupanda miamba. Sasa kupanda kunataka vidole vikavu vyenye sugu, daktari wa ngozi anataka vidole laini vyenye mafuta. Wengi wakisikia wanasema si uache tu. Mi sikubali, maana kinachoniumiza zaidi ya mwamba ni yale masaa baada ya kupanda, na hayo nayaweza.

Chaki kwanza, ule unga tunaojipaka mikononi tusiteleze. Ni magnesiamu kaboneti, kazi yake kunyonya unyevu, na ikibaki mkononi inaendelea kunyonya hata ushashuka unapiga stori na wenzako. Kwahiyo nikimaliza tu naosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, nakausha kwa kugusisha taulo bila kusugua, hasa katikati ya vidole, alafu napaka mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado ina unyevunyevu. Usiku tabaka nene na glavu za pamba juu yake. Ila masaa machache kabla ya kupanda sipaki kitu, vidole vikilainika vinateleza na ngozi inabanduka haraka.

Chaki ya maji ina alkoholi, na ukiwa na mpasuko utajua mwenyewe. Baadhi zina pia rosini, utomvu wa misonobari, na hii inajulikana sana kwa kuleta aleji ya ngozi, tena inaweza kuwemo hata kwenye gundi ya tepu na plasta. Kwahiyo angalia vipele vinatokea wapi, kama vinafuata pale unapofunga tepu basi omba upimwe aleji kwa vibandiko, wanakubandika mgongoni vinakaa saa 48 alafu unarudi tena siku chache baadae wakasome. Ni usumbufu kweli lakini bila hicho kipimo unaweza kupaka dawa miaka na adui yumo kwenye begi lako. Na zile krimu za kukausha jasho zenye methenamini, ambazo wapandaji wenye mikono ya jasho wanazisifia, sisi wenye ekzema tukae nazo mbali kabisa.

Steroidi, ile dawa ya kupaka ya kutuliza uvimbe na muwasho, watu wanaiogopa, wanapaka kidogo mno alafu wanaacha siku ngozi inapoanza kupendeza. Krimu ya kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi pingili ya kwanza, kama nusu gramu hivi, inatosha kiganja na mgongo wa mkono mmoja. Punguza kwa ratiba ya daktari, usikate ghafla kwa kuiangalia ngozi kwa macho tu, sababu ngozi ikionekana imepona inaweza kubaki dhaifu kwa miezi, ndo maana inalipuka tena wiki ileile umerudi kwenye vishikio vikali.

Dalili yangu ya kwanza ni vimalengelenge vidogo pembeni ya vidole vinavyowasha sana. Nikiviona naenda kwenye kuta zilizolala ambazo miguu ndo inafanya kazi kubwa, au vishikio vikubwa laini, granaiti yenye punje kali naiacha kwanza. Kukiwa na mpasuko wa wazi sipandi. Na ukiona usaha, maganda ya njano, au mkono umevimba na una joto, hiyo inaweza kuwa bakteria wameingia, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Alafu vyombo jamani! Maji na sabuni kila siku vinaharibu mikono pengine kuliko hata chaki, kwahiyo vaa glavu za pamba ndani na za plastiki juu, na za ndani zikilowa jasho badilisha.