Chipu yenye taji

Juzi binti yangu alipekua kopo la skrubu akatoka na kitu cheusi chenye miguu 28. Akakilaza kiganjani. "Mama, huyu mdudu kwa nini kavaa taji?"

Nikamwambia si mdudu, ni chipu ya deki ya CD. Akauliza deki ya CD ni nini. Hapo nikavuta kiti.

Taji lenyewe ni dogo, limepigwa chapa pembeni ya maandishi TDA1541A S1. Hizi ndizo chipu za Philips zinazogeuza namba za kwenye CD kuwa sauti, na zenye taji ni zile zilizopimwa zikaonekana sahihi kuliko wenzake. Zikapanda bei. Zilipopanda bei, wajanja wakaanza kuchukua za kawaida, kuzikwangua mgongo na kuzichapa taji la bandia. Hii yangu niliiagiza mtandaoni nikiwa bado sina mume wala akili, na mpaka leo Ami anasema taji lake limechorwa na mtu mwenye haraka.

Ami ni fundi wa redio, mengine msinifanye nimweleze.

Kisa cha chipu hii ni cha wakati wa kiza. Desemba 2009 umeme unaotoka Bara kwa waya wa baharini ulikatika, Unguja nzima tukalala gizani hadi Machi 2010. Wenye jenereta walijifaragua, sisi wa maghorofa ya Michenzani tulipandisha ndoo za maji ngazi kwa ngazi. Redio za watu zilijaa mezani kwa Ami na hakuna wa kuzifuata, kwani angeziwashia wapi? Akachoka kuzitazama. "Njoo tutengeneze za kwetu," akaniambia.

Za kwetu zilikuwa deki mbili. Moja ni Philips CD104, nzito, imeandikwa kwa nyuma kuwa imetengenezwa Ubelgiji, Ami aliitoa kwenye kontena la vitu vya Ulaya kwa bei ya pasi. Ya pili ni CD160, mdogo wake, aliyotuletea binamu kutoka Maskati. Zote mbili lenzi yake haitembei juu ya reli kama deki za sasa. Imekaa kwenye mkono unaoyumba, unakwenda na kurudi chini ya CD, na ukifunua kifuniko unaweza kuutazama mpaka chai ikapoa.

Tofauti yao iko ndani. CD zilipotoka mwaka 1982, Sony walishikilia sauti iandikwe kwa biti 16, yaani kila namba iwe na tarakimu 16 za sifuri na moja, na Philips mkononi walikuwa na chipu za biti 14. Wakafanya ujanja: badala ya kuisoma namba mara 44,100 kwa sekunde na kuishia hapo, wakaongeza idadi ya namba mara nne kwa kupiga hesabu za zile za katikati, na makosa ya chipu ndogo wakayasukuma juu kule sikio lisikofika. CD104 ni ya ujanja huo. Ina chipu mbili za biti 14, moja kwa kila spika. CD160 ni ya baada yake, ina TDA1541 yenye biti 16 kamili. Kwa hiyo hesabu yetu ilikuwa nyepesi: CD104 tuiache ilivyo, CD160 tuipandishe daraja, kisha tuone kama ukoo utasikia.

CD104 ilihitaji dawa moja tu. Bodi yake ina vijiriveti vinavyounganisha upande wa juu na wa chini, na risasi yake ya kulehemu hupasuka kwa uzee, deki ikawa leo inasoma kesho haisomi. Tukaviyeyusha vyote upya.

CD160 ndiyo iliyokula muda. Tulitoa kapasita, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, kubwa zilizokauka za upande wa umeme, tukatoa na kapasita 14 za nanofaradi 100 zinazoizunguka chipu, tukaweka mpya za filamu. Tukabadilisha opampu, chipu ndogo ya kukuza sauti. Mwisho tukaing'oa chipu yenyewe, tukaweka soketi, na juu ya soketi tukamkalisha mwenye taji. Haya yote bila umeme. Ami alikuwa na kile chuma chenye kichwa cha shaba cha mafundi bati, tukikipasha kwenye jiko la mkaa barazani. Kichwa chake ni kinene, kingeunguza bodi nzima, basi akakizungushia waya wa shaba na kuacha ncha ndefu ichomoze. Ncha hiyo ilishika moto wa pointi mbili tatu, kisha irudi jikoni. Shangazi akipita anakohoa kwa makusudi. "Mtoto wa kike umri huu unapika vyuma."

Umeme uliporudi watu walipiga kelele mitaa yote. Sisi tulisubiri siku kadhaa, mpaka usiku umetulia na stebilaiza haigongi gongi, ndipo tukamwita Shangazi.

Yeye kwa sababu zamani alikuwa mwitikiaji kwenye kikundi cha taarabu, na kwa sababu hajui kapasita ni nini. Ami mwenyewe alikataa katakata kukaa kwenye kile kiti. "Mimi fundi. Fundi hapimwi."

Hapa niwape haki yake Ami, maana watu wengi hulinganisha deki kwa kuchomoa hii na kuchomeka ile, kisha wanasifu ile iliyo juu sauti. Tofauti ya nusu desibeli huisikii kama sauti kubwa, unaisikia kama sauti nzuri. Kwa hiyo kwanza tulipiga mlio wa majaribio kwenye kila deki tukapima volti kwenye spika. Akachagua mlio wa hezi 100, kwa kuwa mita yetu ya bei rahisi ukiipandisha zaidi inaanza kusema uongo. CD160 ilikuwa juu kidogo. Tukaishusha kwa kijivolyumu mpaka namba zikafanana. Kisha tukahitaji CD mbili za taarabu ile ile ziende pamoja, nasi tulikuwa nayo moja, iliyozunguka nyumba za watu hadi ikachubuka. Tukaichoma kopi kwenye kompyuta. Deki hizi za kizee zinasoma kopi za kawaida bila taabu, zile za kufuta na kuandika tena ndizo zinazozishinda.

Ami akatundika kanga mbele ya kabati, yeye na amplifaya wakawa nyuma yake.

"Hiyo si kanga yangu?" Shangazi akauliza.

"Dada, kaa. Nitasema moja, halafu nitasema mbili. Wewe useme ipi nzuri."

"Nyimbo si ile ile?"

"Ile ile."

"Mwimbaji yule yule?"

"Yule yule."

"Sasa ipi nzuri vipi?"

Ami akawasha. Fidla zikaingia zote kwa pamoja, nyuma yake akodiani, halafu wakanyamaza wakamwachia mpiga ganuni. Shangazi alikuwa anavuta mtandio wake vizuri, mkono ukabaki hewani. Aliufumba mdomo, akafumba na macho. Kidole cha shahada kikaanza kugonga goti, lakini hakikugonga pale pigo lilipo, kiligonga pale waitikiaji wanapojitayarisha kuvuta pumzi, na kifua chake kilipanda kwa wakati huo huo, miaka sijui mingapi tangu aache. Nyuma ya kanga swichi ikafanya tak. "Mbili," Ami akasema. Kidole kikasimama. Shangazi akafumbua jicho moja.

"Huyu wa ganuni kenda wapi?"

"Yupo, Dada."

"Mwanzo alikuwa hapa." Akaonesha mguu wa meza. "Sasa kakaa uani. Mrudishe."

Tak. Kidole kikaendelea.

Ami alibadilisha majina kimyakimya, moja akaiita mbili, akaruka, akarudia ile ile mara mbili mfululizo. Shangazi hakudanganyika. Kila mara mwenye ganuni aliyekaa karibu alikuwa wa CD104. Ile ya biti 14. Ile ambayo hatukuitia hata kapasita moja.

Ami alitoka nyuma ya kanga jasho linamtiririka. Akanitazama, akaitazama CD160, nikajua anahesabu mkaa. Kisha akapiga paji la uso. Kopi tuliiweka kwenye CD104, na ile iliyochubuka kwenye CD160. Akarudi ndani, akazibadilisha.

"Moja."

Shangazi akasikiliza. "Uani."

"Mbili."

"Eee, karudi."

Mbili ilikuwa CD160. Ganuni imeihama deki, imeifuata kopi.

Tangu hapo ni ubishi. Ami ana maelezo: CD iliyochubuka inaufanya mkono wa lenzi uhangaike, koili yake inavuta umeme kwa kurukaruka, na umeme huo unatoka transfoma moja na chipu, basi chipu nayo inatetemeka. Maelezo yanaingia akilini. Lakini namba zinapofika kwenye chipu zimeshasahihishwa, na ile kopi nayo ilizaliwa na CD hiyo hiyo iliyochubuka. Mimi nasema mara chache zile hata sarafu ingeweza kuzipata. Ami akibanwa ananigeuzia: eti mimi nilikaa upande wa Shangazi, najua CD ipi iko wapi, na uso wangu ndio uliokuwa ukijibu. Hapo tunanuniana hadi magharibi.

Wiki ile ile aliing'oa chipu ya taji akarudisha ile ya kawaida, alinganishe. Akasema hakuna tofauti. Kesho yake akasema ipo. Mwishowe akanitupia, ndiyo hiyo iliyoishia kwenye kopo.

Shangazi alidai ujira wa kukeshwa. Ami akamuuliza anataka deki ipi kati ya hizi mbili, akatega sikio kweli kweli.

"Yoyote iliyo nyepesi kubeba," akasema. "Na hiyo kopi. Na kanga yangu."

Akapewa CD160, anaifungulia akikuna nazi, spika moja imegeukia ukutani. Ami keshampigia simu mara mbili kumwomba airudishe kwa wiki moja tu, anataka kubadilisha kioo cha saa, kile kinachoipa deki mapigo yake, cha megahezi 11.2896, anadhani tatizo lote liko hapo.