Nilivyowazuia sato wangu wasiingie mtoni

Nimezaliwa kisiwani Ukerewe. Utotoni bibi alikuwa akianika furu, samaki wadogo wa ziwani, juu ya mawe, jioni wamekauka. Miaka ya 1980 nyavu za baba zikaanza kujaa sangara, samaki aliyepandikizwa Ziwa Victoria tangu miaka ya 1950, na furu wakatutoweka. Sangara ana mafuta mengi, jua halimkaushi. Ilibidi abanikwe kwa kuni, na miti nayo ikaisha. Nikadhani hayo ni mambo ya ziwa kubwa tu.

Sasa naishi Morogoro. Nilichimba bwawa karibu mno na kijito, nikafuga sato, ambaye naye si wa mito ya huku. Masika fulani maji yalipita juu ya tuta usiku. Asubuhi nyasi zimelalia upande wa kijito, bwawani wamebaki samaki wa kuhesabu. Majirani walinipa pole ya hasara. Kilichoniuma hasa nilikiona miezi kadhaa baadaye: nilivua kijitoni perege, jamaa wa sato aliye wa asili ya mito ya huku, mwenye mistari ya wima mkiani kama ya sato, ila imefifia na kukatikakatika. Chotara wa sato na perege. Kule ziwani ngege na mbiru, jamaa zake wa asili, walipungua hivihivi, sato akiwa miongoni mwa waliowasonga.

Kiangazi nilikausha bwawa. Nilimwinua jike mmoja, akatema vifaranga kiganjani mwangu, wadogo kama punje za mchele, wanachezacheza. Niliduwaa. Kumbe jike mmoja akiponyoka ameondoka na ukoo mzima mdomoni, na wavu wangu wa kuwazuia samaki, wenye matundu ya kidole, ulikuwa kazi bure!

Nikafunga mdomo wa bomba la kutolea maji kwa wavu wa chuma, juu yake chandarua tabaka mbili, na maji yakitoka yanapita kwanza kwenye shimo la kokoto. Majani huziba chandarua, kwa hiyo kila asubuhi nakisugua kwa mkono. Ukiacha siku mbili tu maji yanapanda. Tuta nililiinua hadi kiunoni.

Hata hivyo roho haikutulia. Niliwauza sato wote, madimbwi yaliyobaki nikayamwagia chokaa, kisha nikapandikiza perege wa mto huohuo, waliovuliwa mbali juu ya shamba langu. Kwangu wanakua taratibu kuliko sato, sifichi, na mteja hulalamika ni wadogo.

Masika yaliyofuata maji yalifika nusu ya tuta. Nilikwenda na tochi mara moja, nikarudi kulala.